Uyoga wa Kihoto

Kihoto, mtaa wetu kando ya Ziwa Naivasha, hupokea maji kutoka pande mbili. Ya kwanza hushuka juu ya mabati, kama yanavyoshuka kwingineko Naivasha: wingu linajikusanya juu ya Mlima Longonot, upepo unageuka, na matone makubwa ya mwanzo yanapiga vumbi. Ya pili huja bila sauti kutoka ziwani, muda mrefu baada ya mvua iliyoyazaa kunyesha mahali pengine kabisa, kwenye milima ya Nyandarua unakoanzia Mto Malewa. Kwa hiyo mtu wa Kihoto anaitazama mvua kwa nia mbili. Ana tangi la kujaza, ana sukuma wiki na mahindi, ana mbuzi wanaongoja majani, anaiomba. Ana nyumba pia, ana choo cha shimo, ana watoto wa kulaza pakavu, anaiogopa.

Nataka kuisifu mvua hiyohiyo, na hasa kile inachokiotesha nyuma ya nyumba. Najua ninasimama wapi ninaposema hivi. Zipo kaya nyingi mtaani humu zilizobeba magodoro vichwani na kuhama, na zipo nyumba ambazo alama ya maji bado inaonekana ukutani. Sitaki sifa yangu iwe kelele masikioni mwa waliopoteza. Lakini naamini kwamba mtu anayejifunza kuifurahia mvua kwa makini, akiwa amechuchumaa mbele ya gogo linalooza na kutazama uyoga ukifunguka, ameanza kuelewa ni kitu gani kilichoharibika huko juu mpaka maji yakamfuata mlangoni. Furaha ya namna hiyo ni elimu, na Kihoto inaihitaji kuliko mitaa mingi.

Naivasha si mahali pa mvua nyingi. Milima ya Nyandarua upande wa mashariki huyazuia mawingu na kuyakamua kabla hayajavuka, hivyo huku bondeni, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, tunapata takriban milimita 650 kwa mwaka, ilhali misitu ya juu hupata zaidi ya 1,000. Masika huja kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Disemba, na katikati ya misimu hiyo udongo wetu wa majivu ya volkano hugeuka vumbi jepesi linaloingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Ndiyo maana mvua ya kwanza ya Machi huwatoa watu nje hata kabla haijakolea. Ile harufu inayopanda kutoka ardhini, ambayo kila mtu aliyekulia bondeni anaitambua akiwa amefumba macho, kwa sehemu kubwa inatengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa hafifu mno. Harufu hiyo ni taarifa ya kwanza kwamba ardhi ina wenyewe.

Ua ninaouzungumzia haustahili kuitwa bustani. Ni kipande cha ardhi nyuma ya jiko ambacho hakijawahi kupangwa na mtu: migunga michache iliyokuwepo kabla ya nyumba, mparachichi, mpilipili wenye matawi yanayoning'inia, vichaka ambavyo ndege ndio waliovipanda, na ukutani kabisa rundo la majani, maganda na samadi ya ng'ombe. Katikati limelala tawi kubwa la mgunga lililoangushwa na upepo. Mara nyingi nimeambiwa nilipasue kuni au nimlipe mtu wa bodaboda aliondoe. Nimeliacha, na sababu ya kuliacha ndiyo inayonifanya niandike.

Siku ya mvua ua huu una ratiba yake. Alfajiri, kabla ya tone la kwanza, ndege mmoja anayeitangulia mvua huimba sauti zake tatu zinazoshuka, akizirudia hadi mtu aliyelala anaamka kwenda kuanua nguo. Mvua inapoanza, ndege wananyamaza na majani yanachukua zamu. Mparachichi una majani mapana, kwa hiyo tone hupiga pale kwa kishindo. Majani ya mgunga ni membamba mno, nayo mvua hupita humo ikiwa imepasuliwa vipandevipande na kufika chini ikiwa manyunyu. Mtu akisimama chini ya mgunga na kisha chini ya anga tupu atasikia tofauti hiyo mabegani mwake. Mvua ikipungua, kwarara hushuka kwa makelele, watatu wanne pamoja, na kuanza kudunga midomo yao mirefu kwenye udongo uliolainika. Konokono hutoka. Jongoo huvuka njia bila haraka. Na jioni, upande wa ziwa, vyura huanza mazungumzo yasiyokoma hadi usiku wa manane.

Gome la mgunga huu wetu wa manjano ndilo linalobadilika kuliko vyote. Wakati wa kiangazi lina unga mkavu na rangi iliyofifia. Likilowa linang'aa, kijani na manjano kwa pamoja, kiasi kwamba katikati ya siku ya giza miti hiyo huonekana kuwa na mwanga wake. Chini ya unga ule kuna seli za kijani. Mgunga hujitengenezea chakula hata kwa gome, si kwa majani pekee.

Mti huu una historia ya kusingiziwa. Wazungu wa mwanzo waliopita katika nchi hizi waliona kwamba kila walipopiga kambi chini ya migunga ya manjano waliugua homa, wakaamini kwamba homa hutoka mtini, na Kiingereza kikaupa mti jina la homa ambalo unalo hadi leo. Mwaka 1897 Ronald Ross, akifanya kazi nchini India, alipata ushahidi kwamba malaria hubebwa na mbu. Mgunga ulikuwa unapenda tu mahali palepale ambapo mbu huzaana, penye maji karibu. Kosa lake lilikuwa kusimama karibu na tukio. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu mvua nayo imewahi kushtakiwa hivyo hapa kwetu.

Sasa nije kwenye lile tawi. Ukilitazama mwezi wa Februari utasema ni mti uliokufa wenye ukoko mweupe hapa na pale. Ukoko huo ni uyoga mdogo ulio hai. Kila kipande hakizidi upana wa ukucha wa kidole gumba, kina manyoya ya kijivu juu, na chini kina mistari iliyopasuka katikati kwa urefu. Wataalamu wanauita *Schizophyllum commune*, na hupatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Wakati wa ukame ile mistari iliyopasuka hujikunja na kuufunga upande wa chini, ili uyoga usipoteze unyevu wa mwisho. Mvua ikinyesha unafunguka ndani ya saa chache na kuanza tena kumwaga spora, zile chembe ndogo kuliko vumbi ambazo uyoga huzaliana kwazo. Ustahimilivu wake umepimwa: A. H. R. Buller, mtaalamu wa kuvu aliyefanya kazi Winnipeg, Kanada, aliufungia uyoga huu mkavu ndani ya kioo mwaka 1911, na baada ya kama nusu karne wengine waliufungua, wakaulowesha, nao ukatoa spora. Nikiukumbuka uvumilivu huo, Februari yetu huwa fupi.

Upande wa pili wa tawi kuna uyoga mwingine, mgumu, bapa, wa rangi ya chungwa iliyoiva sana, uliojishikiza kwenye gome bila kikonyo. Huu hauogopi jua. Hupatikana kwenye magogo yaliyo mahali pa wazi katika nchi nyingi za joto. Na kule kwenye samadi, asubuhi baada ya mvua ya usiku, huwa umesimama uyoga mwembamba wa kijivu wenye kofia ndefu, dhaifu mno. Ukiupita asubuhi umesimama wima. Ukirudi saa kumi jioni kofia imeanza kuyeyuka kuanzia ukingoni na kudondosha majimaji meusi. Uyoga huo huachia spora zake ukingo baada ya ukingo, na sehemu iliyomaliza kazi inajiyeyusha ili isiizuie inayofuata. Sijui kiumbe mwingine uani ambaye maisha yake ya juu ya ardhi yanatimia kwa ukamilifu kama huo katika siku moja.

Tunachokiona ni tunda tu, kama embe; mwembe wenyewe umo ndani ya gogo na udongo. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotambaa na kuungana, zikitoa vimeng'enya vinavyoyeyusha mbao na kisha kuunyonya ule mchanganyiko. Miti imejengwa kwa dutu ngumu iitwayo lignini, na viumbe wenye uwezo wa kuivunjavunja kabisa ni wachache mno duniani; wakuu wao ni kuvu. Bila wao matawi mengi yaliyowahi kuanguka bado yangekuwa yamelala pale yalipoanguka, na chakula kilichomo ndani yake kingebaki kimefungwa. Kwa muda mrefu vitabu vya shule viliwaweka kuvu miongoni mwa mimea kwa sababu hawatembei. Mwaka 1969 Robert Whittaker, mwanaikolojia wa Marekani, aliwapa himaya yao wenyewe, na uchunguzi wa vinasaba uliofuata ulionyesha kwamba kwa nasaba kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Wanaojulikana kwa majina ni kama 150,000. Makadirio ya mwaka 2017 yalisema huenda wote ni kati ya milioni 2.2 na 3.8. Kwa Afrika Mashariki, David Pegler wa bustani ya mimea ya Kew alichapisha mwaka 1977 kitabu kikubwa cha uyoga wenye kofia, na akakiita cha awali. Tangu siku hizo kazi imeongezeka, lakini kuna uyoga katika nyua zetu ambao bado haujapata wa kuuandika.

Uyoga mwingine wa hapa hauna budi kuelezwa pamoja na mchwa. Kando ya ua, mahali ambapo ardhi imeinuka kidogo tu, kuna makazi yao chini ya udongo. Mvua za mwanzo zikishashika, jioni moja kumbikumbi hutoka kwa maelfu, taa za mtaa mzima zinazingirwa na mabawa, na watoto wanakimbia na mabeseni. Wiki kadhaa baadaye, mahali palepale, ardhi inakuwa nyeupe kwa uyoga mdogomdogo, mwingi mno, kila mmoja na ncha katikati ya kofia. Unatokana na kilimo. Mchwa hawa hawawezi kuimeng'enya mbao peke yao, kwa hiyo huibeba hadi ndani, huijenga kuwa vitalu na kuotesha juu yake kuvu maalumu ambao huifanya iwe chakula. Katika aina hii ya uyoga mdogo, mchwa hutoa vipande vya vitalu na kuviacha juu ya ardhi majira ya mvua, na uyoga huchipuka juu ya vipande hivyo.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamepata vitalu vya aina hiyo vilivyogeuka mawe katika Bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, vyenye umri wa miaka milioni 25. Rukwa ni sehemu ya Bonde la Ufa, kama sisi. Binadamu ana kilimo cha miaka kama 12,000 hivi. Ninapowaona watoto wa mtaa wakikifumua kichuguu kwa fimbo huwa nawaita niwaambie kwamba wanavunja shamba la ukoo wa wakulima wa kale kuliko milima mingi wanayoiona. Longonot yenyewe, iliyotutazama wote tukizaliwa, ni changa mno mbele ya ukoo huo.

Mtu aliyenifundisha kuujua uyoga wa mchwa ni jirani, mama aliyekuja Naivasha kutoka Kakamega kufanya kazi katika mashamba ya maua. Kwao Magharibi uyoga ni chakula cha heshima: huanikwa, huhifadhiwa, hupikwa kwa maziwa au njugu karanga zilizosagwa na kuliwa na ugali. Wenyeji wengi wa huku kwetu walikuwa wakiupita tu.

"Jirani, usiukanyage huo," aliniambia akiwa upande wa pili wa ua. "Hicho unachokikanyaga ni mboga."

"Na nitaujuaje, mama? Yote si inafanana?"

"Haifanani. Ule wa mchwa niliujua nikiwa mdogo, nikimfuata mama yangu na kikapu. Alinionyesha mwaka huu, akanionyesha mwaka uliofuata, na aliniruhusu kuuchuma mwenyewe nikiwa msichana mkubwa. Wa hapa kwenu nisioujua, mimi siuli. Hata ukiwa mzuri namna gani."

Maneno hayo yana uzito wa uhai. Katika nyasi fupi za nchi zetu za joto huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, wa kuvutia kabisa, ambao humtapisha na kumharisha vibaya anayeula. Unaitwa *Chlorophyllum molybdites*, na dalili yake ni spora zenye rangi ya kijani: ukiikata kofia iliyokomaa na kuilaza juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, asubuhi karatasi ina unga wa kijani. Upo pia uyoga unaoua ini, na huo hauna ladha mbaya ya kuonya. Kuchemsha hakuondoi kila sumu. Uyoga ulioliwa na konokono haujathibitishwa kuwa salama kwa binadamu. Na mchwa kuwa karibu si hakikisho, maana uyoga mwingine unaweza kuota palepale. Kanuni ya kweli ni ile ya yule mama: kufundishwa ana kwa ana, na anayejua, kwa misimu mingi. Asiyekuwa na mwalimu huyo afurahie kwa macho, na macho yana karamu ya kutosha.

Jinsi uyoga unavyorusha spora zake ni jambo linalonistaajabisha kila ninapolikumbuka. Buller huyohuyo alieleza kwamba chini ya kila spora hujikusanya tone dogo mno la maji. Maji hayo hutoka kwenye hewa yenye unyevu. Tone likikua hadi kuligusa tandiko la maji lililo juu ya spora, maji yote huungana ghafla, uzito unahama, na spora inarushwa kutoka mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Nicholas Money akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba spora zikiwa hewani bado huvuta maji kwa namna hiyohiyo, na wakapendekeza kwamba juu ya misitu huenda zikawa viini ambavyo matone ya mvua hujikusanya kwavyo. Ikiwa ni hivyo, msitu wenye uyoga mwingi unashiriki kuita mvua inayouotesha uyoga. Kutoka uani kwangu mlolongo huo siwezi kuuona wote. Naona nusu yake moja, ile inayoanzia kwenye mvua na kuishia kwenye gogo, nami naishukuru.

Na sasa mashtaka. Mwaka 2009, baada ya ukame mkali, Ziwa Naivasha lilikuwa limerudi nyuma sana, na ardhi iliyoachwa wazi ilionekana kuwa nchi kavu ya kudumu. Kuanzia mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa, Baringo, Bogoria, Nakuru na letu, yalianza kupanda. Mwaka 2020 maji yaliingia Kihoto. Mwaka 2024 yakaingia tena. Mwaka 2025 yakafika mbali zaidi, maelfu ya watu wakahama, mashua zikapita mahali palipokuwa na barabara, na viboko wakawa wanakula majani kati ya nyumba. Vyoo vilifurika vikachanganyika na maji ya visima. Migunga iliyokuwa ukingoni, miti inayopenda maji karibu lakini isiyoweza kusimama ndani yake kwa miezi, ilikauka ikiwa wima ziwani, na sasa mnandi wanakaa juu yake wakianika mabawa.

Wengi husema ni mvua. Ni kweli kwamba mvua iliongezeka, na watu wa Kihoto hawawezi kulaumiwa kwa mawingu ya dunia inayozidi kupata joto. Lakini mvua ileile huanguka mahali tofauti na kupata mapokezi tofauti. Ikianguka msituni inapasuliwa na majani, inalala juu ya tandiko la majani makavu, inashuka polepole kupitia matundu ambayo mizizi, mchwa na nyuzi za kuvu zimeyafungua. Nyuzi hizo hushikanisha chembe za udongo mpaka zinakuwa mabonge madogo yenye nafasi katikati, na nafasi hizo ndizo zinazonywa. Maji yanayoingia hivyo hutoka kwenye chemchemi baada ya miezi, kiangazi, tukiwa tunayahitaji. Ikianguka kwenye mteremko uliofyekwa na kulimwa hadi ukingo wa mto, inateremka siku hiyohiyo ikiwa na udongo mikononi. Malewa unapofika kwetu ukiwa mwekundu, umebeba mashamba ya watu wa juu, nao huyamwaga ziwani.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, juu kidogo ya Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kuvishukia vijiji, na makumi ya watu wakafa. Huko si Kihoto, lakini ni nyumbani, katika kaunti yetu hii. Siku zile niliusikia mtaa mzima ukiilaani mvua, na nikaukumbuka mgunga uliopewa jina la ugonjwa ambao haukuuleta.

Sisemi kwamba tawi linalooza nyuma ya nyumba litalizuia ziwa. Halitalizuia. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupotea kwa mvuke na kwa kupenya chini kwa chini, na kupenya huko ndiko kulikolifanya libaki tamu, na katika historia yake limepanda na kushuka kwa mita nyingi bila kutuuliza. Waliojenga mahali ambapo ziwa lina desturi ya kurudi wanahitaji ardhi nyingine salama na msaada wa kweli wa serikali, na hitaji hilo haliwezi kujibiwa kwa hotuba kuhusu majani makavu. Ninachosema ni kwamba kanuni inayofanya kazi uani ndiyo inayofanya kazi Nyandarua, kwa kipimo kikubwa zaidi, na kwamba mtu aliyeiona kwa macho yake hapa hataweza kudanganywa kuhusu kule.

Wapo walioiona na kuifanyia kazi. Uzio wa msitu wa Nyandarua, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulianzwa mwaka 1989 na shirika la Rhino Ark kwa ajili ya kuwaokoa vifaru, na ulipokamilika mwaka 2009 ulikuwa umekuwa ulinzi wa vyanzo vya maji vya mamilioni ya watu. Katika bonde la Malewa, mashirika ya WWF na CARE yalisaidia mpango ambao watumiaji wa maji wa huku chini, kupitia chama chao cha watumiaji wa maji ya Ziwa Naivasha, walichangia ili wakulima wa juu wapewe vocha za pembejeo. Kwa upande wao wakulima walipanda mistari ya nyasi kwenye miteremko, wakapanda miti, wakaacha kulima kingo za mito. Huo ni mkataba kati ya watu wasiofahamiana, walioungana kwa maji. Na Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la upandaji miti la Green Belt mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alijenga kazi yake yote juu ya uhusiano huo wa mti, udongo na chemchemi, ambao aliuona kwanza akiwa mtoto Nyeri, upande wa pili wa milima hiyohiyo.

Utoto ndio unaonishughulisha kuliko yote. Katika mtaa wetu kuna watoto waliozaliwa baada ya 2010 ambao mvua, kwao, ni usiku wa kuhamisha vitu, ni shule iliyofungwa, ni mama anayesikiliza mabati bila kulala. Wanayo haki ya kuiogopa. Lakini wana haki pia ya nusu ya pili, na hiyo wamenyang'anywa. Hawajawahi kuachwa wapumzike mbele ya gogo na kutazama kipande cha uyoga mkavu kikijikunjua. Hawajaulizwa kwa nini gome la mgunga linang'aa, wala nani aliyelima ule uyoga mweupe. Mtoto anayejua upande mmoja tu wa mvua atakua akitafuta ukuta wa kuizuia, na huenda atakapopata shamba juu ya mteremko atalifyeka lote, kwa kuwa hajawahi kuona majani makavu yakifanya kazi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linaweza kutimizwa msimu huu. Mwenye kipande cha ardhi mahali pakavu, kiwe cha nyumba au cha shule, aache pembe moja bila kufagiwa. Aache tawi lililoanguka, aache majani yalale, asiwamwagie mchwa dawa pale ambapo hawaidhuru nyumba. Mvua ikishaanza, awapeleke watoto pale na kuwapa muda, awaonye wasitie chochote mdomoni, kisha awaruhusu waulize. Mwalimu akipata mama wa Kakamega au wa Busia, au mzee yeyote anayeujua uyoga, amkaribishe darasani kama mwalimu mwenzake, maana elimu hiyo inaondoka na walio nayo. Na siku maji ya Malewa yatakaposhuka mekundu tena, watoto hao wapandishwe hadi Nyandarua wakaone yanakotoka. Watajua cha kutafuta wakifika huko: watainama, watafunua majani, watatazama kama udongo una nyuzi.